Piano Iliyovishwa Blanketi

Dokta Zenon Kalisti alikuwa na mikono ya kutazamwa. Mikono hiyo haikuwa imeshika jembe tangu ilipoota kucha, haikumenya muhogo, haikupigilia msumari, na kwa miaka mingi haikupeana na mikono ya watu. Ukimwendea kumsalimu, aliinamisha kichwa na kuificha nyuma ya mgongo, kisha akakueleza kwa upole kuwa mpiga piano huvitunza vidole vyake kama sultani atunzavyo hazina. Asubuhi za Julai, upepo wa Ufipa unapokata masikio, alivaa glavu za sufu juu ya glavu za ngozi, akaingia darasani na kuwasomea wanafunzi historia ya namna ya kukaa.

Namna ya kukaa, naam. Hiyo ndiyo elimu aliyoirudisha kutoka ng'ambo. Huko aliandika kitabu kinene cha udaktari juu ya mwinamo wa mgongo wa mpiga piano pale anapokuwa hajaigusa piano, na aliporejea Sumbawanga, chuo kikuu kipya kilichojengwa nje kidogo ya mji kilimpokea kwa ngoma na shada la maua ya plastiki. Kikamkabidhi Idara ya Kupiga na Kufundisha Piano. Idara ilikuwa na chumba, kibao cha mlangoni chenye jina lake kwa herufi za dhahabu, na katibu muhtasi aitwaye Scola. Piano yenyewe ilikuja baadaye.

Ilikuja kwa lori kupitia Tunduma, imefungiwa ndani ya mbao kama maiti ya mtu mkubwa, zawadi ya wafadhili ambao hawakuulizwa mengi. Ikapandishwa jukwaani katika ukumbi mkuu, na tangu saa hiyo ikatendewa kama vinavyotendewa vyombo vya kabatini katika kila sebule ya watu wenye heshima zao: ikafunikwa vitambaa. Scola aliidarizia kitambaa cha waridi jekundu chenye maneno "Karibu Mgeni". Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Rafaeli, bingwa wa mbolea aliyeandika mengi juu ya samadi ya ng'ombe, akaifunga kwa ufunguo na kutoa amri.

"Hiki ni chombo cha mgeni rasmi. Wanafunzi wana vidole vya kujifunzia. Watakikwaruza."

Hakuna aliyeiona amri hiyo kuwa ya ajabu, kwani ni nani kati yao ambaye mamaye aliwahi kumruhusu kunywea chai katika vikombe vya wageni? Ikatafutwa njia nyingine. Seremala mmoja wa Kasense alichonga mbao ndefu, akazipaka rangi nyeupe na nyeusi kwa kufuata picha, na wanafunzi wakapewa kila mmoja ubao wake. Walikaa kwa safu, migongo imenyooka sawasawa na kitabu cha Dokta, wakibofya mbao zile. Mtu akipita nje ya darasa aliweza kudhani kuku wamemwagiwa mahindi juu ya bati. Dokta alipita katikati yao, mikono nyuma, jicho moja limefumbwa.

"Wewe! Umekosea sauti."

"Sauti ipi, Dokta?"

"Usinijibu. Nimeiona."

Hivyo elimu ikaendelea.

Sasa yafaa ijulikane, kwa kuwa kisa chote kimesimama juu yake, kwamba Dokta Zenon hakuwa mjinga wa piano tangu mwanzo. Zamani aliijua. Aliipiga kama mtu wa kawaida, kwa jasho na makosa, na huenda angeendelea kuwa mtu wa kawaida mwenye kazi halali, lau si mahafali ya kwanza. Siku ile baridi ilikuwa kali, mgeni rasmi ameketi mbele, maaskofu na masheikh safu ya pili. Dokta akapanda jukwaani, akaketi, na vidole vyake vikakataa. Viliganda. Akavitazama kama mtu anayetazama wakwe waliofika bila taarifa. Basil, fundi wa vipaza sauti, alikuwa nyuma ya pazia na kinasa chenye muziki wa piano aliouweka ili hadhira isichoke kusubiri. Kwa kutaka kusaidia, au kwa kutojua, akabonyeza.

Muziki ukamwagika ukumbini kama mvua ya masika. Dokta akainua mikono, akaipepesa huku na huku juu ya vibao vyeupe na vyeusi vya piano, akafumba macho, akatikisa nywele. Watu walisimama kumpigia makofi. Mgeni rasmi alifuta chozi.

Mtu aliyeonja sifa za namna hiyo bila kuzitolea jasho, atarudi kwenye jasho kwa shauri la nani? Mwaka wa pili alipanga na Basil mapema. Mwaka huohuo kidole chake kimoja kiliteleza, kikagusa kibao, na sauti chungu ikachomoza katikati ya muziki. Basi jioni yake alifungua mfuniko wa juu akiwa peke yake, akatandika blanketi la bweni baina ya nyundo za ndani na nyuzi zinazogongwa nazo, akalisokomeza vizuri, piano ikawa bubu. Tangu hapo hakuwa na wasiwasi ila mmoja: katika rekodi ile, iliyochukuliwa katika ukumbi fulani wa Ulaya, palikuwa na mzungu aliyekohoa kikohozi kizito katikati. Kila mahafali, muziki ulipofika mahali pale, safu ya pili walitazamana, kila mmoja akimdhania mwenzake, na padri mmoja mzee akashauriwa mara mbili aende kupima kifua.

Mwaka huu, hata hivyo, hesabu ilifika. Darasa la kwanza la piano lilikuwa linamaliza, na kumaliza kunahitaji mtihani wa vitendo mbele ya mtahini kutoka nje. Darasa lenyewe lilikuwa limebaki na mwanafunzi mmoja. Wengine walihamia shahada ya ununuzi na ugavi, ambako angalau mtu hukiona anachokinunua. Aliyebaki ni Lydia Yohanes, binti mrefu, mkimya, aliyepanga chumba Chanji na kulala na ubao wake kando ya kitanda. Na mtahini aliyeteuliwa, Profesa Cornelia wa Dar es Salaam, alikuwa amepewa na kazi ya pili: kuandika maoni yake iwapo Dokta Zenon anastahili kuitwa Profesa.

Uprofesa ule Dokta alikuwa ameshauvaa moyoni. Alishamwagiza Scola kibao kipya cha mlangoni. Kuukosa, mbele ya mji mzima ambao mkewe ameshautangazia, kungekuwa ni kifo chenye mazishi ya kila siku.

Akamwita Lydia ofisini.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Kaa. Siyo hivyo, kaa kama tulivyojifunza." Binti akanyoosha mgongo. "Vizuri. Lydia, mtihani wako ni kesho kutwa. Utapigia piano yenyewe."

Uso wa binti ulifunguka. "Kweli, Dokta? Basi naomba leo niizoee kidogo. Sijawahi kuisikia sauti yake nikiigusa mimi."

"Hakuna haja ya kuizoea." Dokta alivua glavu ya nje, dalili ya jambo zito. "Sikiliza. Kuna njia ya wakubwa, ambayo sikuwafundisha bado kwa kuwa mlikuwa wachanga. Basil ataweka muziki. Wewe utafuatisha kwa mikono. Uzuri wa njia hii ni kwamba huwezi kukosea."

Nje upepo ulisukuma mlango, ukaachia.

"Na muziki utakuwa umepigwa na nani, Dokta?"

"Na mtu anayejua."

"Na mimi?"

"Wewe utakuwa umeuwasilisha. Binti yangu, dunia nzima ndivyo inavyokwenda. Hujaona wasanii kwenye matamasha? Wimbo unatoka kwenye spika, wao wanachezesha midomo, na watu wanashangilia mpaka wanazimia. Ni nani anayeuliza?"

"Mimi ninauliza, Dokta, unisamehe. Shahada yangu ni ya kupiga na kufundisha. Nikipangiwa shule, nitawafundisha watoto nini?"

Dokta alicheka kicheko kifupi chenye baraka nyingi. "Utawafundisha kukaa."

Binti akainama, akatazama mikono yake kwa muda. Kisha akasema, "Sawa, Dokta. Nitakaa," akaaga kwa adabu na kutoka. Dokta alifurahi sana kwa utii ule. Hata hakujiuliza kwa nini alitaja kukaa tu.

Siku ya mtihani ukumbi ulijaa kuliko inavyofaa kwa mtihani, kwa sababu Makamu Mkuu alialika wakuu wa idara ili Profesa Cornelia aone jinsi chuo kinavyothamini sanaa. Mtahini alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye miwani minene na koti alilolifunga mpaka kidevuni. Mama yake Lydia alikuwa amepanda kutoka Kaoze, kule bondeni. Alipomkuta Dokta mlangoni aliinama kwa heshima na kupiga makofi polepole kwa desturi ya Wafipa wanapomwamkia mkubwa. Dokta, kwa mazoea, akainama kama aliyemaliza kutumbuiza.

"Wewe ndiye baba uliyemfundisha mwanangu?"

"Ndiye mimi, mama."

"Mungu akulipe. Nyumbani likizo nzima anabofya ubao. Wadogo zake walidhani amepatwa na kitu, wakataka tumwite katekista."

Dokta alijikohoza, akaenda kuketi safu ya mbele, upande wa kushoto wa Makamu Mkuu. Profesa Cornelia alikuwa kulia. Scola alivitoa vitambaa kimoja kimoja, akavikunja kwa uchungu. Ufunguo ukazungushwa. Lydia akapanda.

Alikaa. Na tuseme haki: hapajawahi kukaliwa namna ile. Mgongo ulikuwa mstari, mabega yametulia, shingo ndefu kama ya korongo. Dokta alihisi kitabu chake kizima kimepata mwili. Binti akainua mikono juu ya vibao. Nyuma ya pazia Basil akabonyeza, na muziki ukaanza, mtamu, mpana, wa kutia huzuni.

Lydia akaishusha mikono yake, akaiweka mapajani, akaituliza hapo kama mtu aliye kanisani.

Muziki ukaendelea.

Dokta alidhani ni kituo cha mwanzo. Akasubiri. Piano ikapanda, ikashuka, ikatiririka, na binti ameketi kimya mbele yake, anaitazama. Dokta akanyanyua nyusi. Akanyanyua na kidevu. Akavuta glavu, akaonyesha kwa vidole vyake pale pajani namna ya kupepesa. Lydia hakugeuka. Jasho likamtoka Dokta katika baridi ambayo ilikuwa inawafanya wengine wapulizie viganja.

Mama wa Kaoze alimwinamia Scola. "Dada, mbona mwanangu amekaa tu?"

"Ndiyo elimu yenyewe, mama," Scola akanong'ona. "Hii ni ngazi ya juu."

"Anapiga bila kugusa?"

"Usiongee, mama. Wanasikiliza."

Mzungu akakohoa mahali pake. Makamu Mkuu akamtazama mkuu wa idara ya sosholojia kwa kulaumu, kisha akarudi kutikisa kichwa kwa mahadhi. Muziki ukafika mwisho wake mkubwa, ukazima. Makamu Mkuu alisimama wa kwanza kupiga makofi, na wakuu wa idara wakafuata kwa mpangilio wa vyeo.

Profesa Cornelia hakupiga makofi. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Binti, ni nani aliyepiga?"

"Sijui jina lake, Profesa," Lydia alijibu kwa sauti isiyotetemeka sana. "Nilielekezwa kwamba ni mtu anayejua."

"Na wewe?"

"Mimi nilielekezwa nikae. Nimekaa. Lakini Profesa, nina wimbo mmoja niliojifunza mwenyewe kwenye ubao. Sijui unavyosikika. Nikiruhusiwa nitaujaribu."

"Jaribu."

Lydia akaweka mikono na kubofya. Kimya. Akabofya tena kwa nguvu: dugudugu, kama mtu anayepiga godoro. Akasimama, akafungua mfuniko wa juu, akachungulia, akaingiza mkono, akaanza kuvuta. Likatoka blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu, refu, halina mwisho, na vumbi lake, na nondo wawili waliopaa kuelekea taa. Akalikunja vizuri, maana alilelewa, akaliweka juu ya kitambaa cha "Karibu Mgeni", akaketi tena.

Ulikuwa wimbo mdogo wa aina ya wanaoanza. Alipobofya sauti ya kwanza alishtuka, akaondoa mkono kana kwamba imemuuma, ndipo akarudi. Akakosea. Akarudia. Piano nayo ilikuwa imeachwa miaka bila kukazwa nyuzi, ikitoa sauti za kigeugeu, nyingine juu, nyingine chini. Mara akapotea kabisa, akahesabu kwa midomo, akaupata mlango wa wimbo na kutoka. Alipomaliza alikuwa anahema kama aliyetoka kisimani.

"Huo ni wako?" akauliza Profesa Cornelia.

"Ni wangu, Profesa."

"Ni mbaya."

"Ndiyo, Profesa."

"Vidole unavyo. Masikio hukupewa nafasi. Siwezi kukupa ufaulu leo, na siwezi kukufelisha kwa kosa ambalo si lako. Nitarudi Novemba kukutahini tena. Mpaka wakati huo ufunguo wa chombo hiki akae nao huyu binti, na atafutwe fundi wa kuzikaza nyuzi."

Makamu Mkuu aliinua kidole. "Samahani, Profesa. Na mgeni rasmi?"

"Mgeni rasmi atasikiliza."

Lydia akashuka jukwaani. Machozi yalikuwa yanamtoka na wakati huohuo anatabasamu, na mamaye akampokea kwa kumfunga khanga mabegani, akimwambia kwa Kifipa maneno ambayo wengi waliokuwapo waliyaelewa na hakuna aliyethubutu kuyatafsiri, kwa kuwa yalimhusu Dokta.

Dokta Zenon alikuwa ameshaandaa utetezi. Angesema blanketi ni la kuikinga piano na baridi. Angesema binti ameshikwa na hofu ya mtihani, jambo ambalo vitabu vimelieleza. Alikuwa anasimama ili aseme, pale Profesa Cornelia alipomgeukia.

"Vizuri, umesimama mwenyewe. Nami nimeombwa niandike juu yako. Vitabu vyako nimevisoma, vinahusu viti. Panda, Dokta, utupigie. Chochote. Hata ule mdogo wa yule binti."

Hakukuwa na mlango wa kutokea. Alipanda ngazi zile kama anayepandishwa kizimbani. Akavua glavu za sufu, akavua za ngozi, ikaonekana mikono ile nyeupe viganjani, laini, isiyo na kovu wala sugu, mikono ambayo mama mmoja nyuma alisema yafaa kumpamba bibi harusi. Akakaa. Vibao vilikuwa mbele yake, piano haina blanketi, ukumbi umetega masikio.

Akavitafuta vidole, na vidole havikuwapo. Aliukumbuka mwinamo wa mgongo. Aliikumbuka mikutano aliyohutubia. Wimbo wa mtoto ulikuwa unaanzia kibao gani? Alijua zamani. Alikuwa tayari sasa, kwa mara ya kwanza tangu mahafali ya kwanza, kukiri. Alifumbua kinywa. Neno "nilidanganya" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, na pengine lingemwokoa.

Ndipo Makamu Mkuu, akiona aibu inamkabili Dokta wake, akageukia pazia na kuita kwa sauti ya mwenye nyumba anayehimiza chai:

"Basil! Basil wewe! Washa basi, Dokta anasubiri!"

Dokta akamgeukia. "Mheshimiwa... ulikuwa unajua?"

"Kujua nini?" Profesa Rafaeli alishangaa kwa dhati. "Si kinasa kiko nyuma na wewe uko mbele? Sote tunajua. Kila mwaka namsainia Basil posho ya muziki. Kwani piano hupigwa vipi?"

Wakuu wa idara wakaitikia kwa vichwa. Ndivyo walivyokuwa wanajua wote. Ile siri aliyoilinda kwa blanketi, kwa glavu, kwa usingizi aliokosa kila usiku wa kuamkia mahafali, haikuwa siri ya mtu yeyote ila yake. Na wao walimheshimu kwayo, wakidhani kupepesa ndiyo fani.

Basil, mtumishi mtiifu, akabonyeza.

Muziki ukamwagika, mtamu, mpana, wa kutia huzuni. Dokta Zenon aliisikia sauti ile, na kabla hajaiamrisha, mikono yake ikainuka. Mabega yakayumba. Macho yakafumba. Vidole vikaenda kulia, vikarudi kushoto, kwa ustadi usio kifani, vikipita juu ya vibao kwa nafasi ya unywele ili visiviguse. Makamu Mkuu akatikisa kichwa kwa mahadhi. Profesa Cornelia akafunika kalamu yake, akaufunga mkoba, akashuka kwenye njia ya katikati taratibu, na alipofika mlangoni Dokta alikuwa bado anapiga.